Kizazi Chetu Kisiwe Kisingizio



Mwezi Mtukufu ukiisha, Mfunguo Mosi huja na harusi zake. Huku Kaole sisi tunaoshona nguo za harusi tunakesha na cherehani. Bi harusi husimama mbele ya kioo, futi ya kupimia iko kiunoni, na hapo ndipo maneno yanapotoka. Kuna neno moja ambalo miaka hii tumelisikia mara nyingi mno: "Nimeambiwa nisichanjwe chochote mpaka nizae. Chanjo zinaharibu kizazi." Mwari akishasema, shoga yake anadakia, na somo aliyekuja naye anaitikia kwa kichwa. Sisi tuna pini mdomoni, hatujibu. Tunaendelea kupima kiuno.

Leo pini tumezitoa, na tunasema wazi. Kizazi cha mwanamke kimefanywa kisingizio na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye uvumi, wanaotwambia tuikimbie chanjo ili tupate watoto. Wa pili ni baadhi ya wenye maabara na ofisi, ambao kila wanapojaribu chanjo mpya huandika kwenye karatasi zao kwamba mjamzito na anayenyonyesha wasiguswe. Wote wawili wanadai wanatulinda. Wote wawili wanatuacha mikono mitupu siku ugonjwa unapobisha hodi. Hatutaki kujitoa wenyewe, na hatutaki kutolewa.

Ugonjwa hauna kadi ya mwaliko

Tarehe 21 Machi 2023, wizara yetu ya afya ilithibitisha ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, kwa mara ya kwanza nchini. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Wakahesabiwa watu 10, waliothibitishwa na waliodhaniwa, na wote 10 wakafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wapo watakaosema Kagera ni mbali. Jamani, harusi moja ya pwani inakusanya watu wangapi? Mjomba anatoka Bukoba kwa basi, shangazi anavuka kutoka Unguja kwa boti, binamu anashuka kwa ndege kutoka Maskati. Wote wanakula sinia moja, wanapeana mikono, wanambusu bi harusi. Na mgeni akipata homa usiku, nani anamkanda kwa kitambaa cha maji? Nani anamfulia shuka? Akifariki mwanamke, nani anamwosha? Ni sisi. Ebola ilipoingia mashariki ya Kongo mwaka 2018, mpaka inaisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake na wasichana. Hilo halimshangazi aliyewahi kuuguza.

Kwa hiyo mazungumzo ya chanjo na dawa za magonjwa haya mapya ni mazungumzo yetu, kuliko hata ya waume zetu.

Uvumi uleule, nguo mpya

Wenye uvumi wanautoa kama habari ya jana. Sisi tunaujua kama tunavyoijua nguo iliyogeuzwa: nakshi mpya, kitambaa kilekile.

Mwaka 2003, kule kaskazini mwa Nigeria, kwa ndugu zetu Waislamu, walisema chanjo ya polio imetiwa dawa ya kuwafanya mabinti tasa. Jimbo la Kano likasimamisha chanjo. Wazee wa kule walisema wataipokea kama itatoka kwa watu wanaowaamini, na mwaka 2004 wakakubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani. Lakini miezi ilishapita na virusi vilishasafiri. Vilipita Sudan, vikafika Saudi Arabia na Yemen, na mwaka 2005 vikatua Indonesia kwenyewe. Mamia ya watoto wa Kiislamu wakapooza Yemen na Indonesia. Mabinti wa Kano waliolindwa wasiwe tasa hawakupata faida yoyote. Waliolipa ni pamoja na watoto wa watu wengine, baharini huko mbali.

Mwaka 2014 uvumi ukavuka kuja kwa majirani. Nchini Kenya baadhi ya viongozi wa kanisa walidai chanjo ya pepopunda wanayopewa wanawake ina homoni ya kuzuia mimba. Mwaka 2021 ikawa zamu ya chanjo ya Uviko. Mwanzoni mwa mwaka ule hata serikali yetu ilizitilia shaka chanjo hizo, na uvumi ukapata pa kulala. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa Unguja, alikaa mbele ya kamera akanyoosha mkono akachanjwa. Wengi wetu tulimfuata. Wengine wakasema "yeye ameshazaa."

Haya, tuzungumze hilo la kuzaa. Hiyo pepopunda inayotuhumiwa wamekuwa wakichomwa wajawazito wa nchi hii kliniki kwa miaka na miaka. Bi harusi, muulize mama yako. Huenda alichomwa wewe ukiwa tumboni, kisha akawazaa wadogo zako wanne. Kama chanjo ile ingeharibu kizazi, tusingekuwa na wa kumpima gauni.

Na ya Uviko? Watafiti Marekani waliwafuata wenza zaidi ya 2,000 waliokuwa wakitafuta mtoto, waliochanjwa na wasiochanjwa. Chanjo haikupunguza uwezo wa kushika mimba, si kwa mke wala kwa mume. Kilichoonekana kupunguza, kwa muda, ni mume kuugua Uviko wenyewe. Somo anayemfunda mwari aikimbie sindano angemfunda pia bwana harusi aikimbie homa.

Kinachoharibu mimba ni ugonjwa

Tuwaulize wanaoogopea mji wa mimba: mnajua magonjwa haya yanaufanya nini?

Mwaka 1995 Ebola ilipoingia mji wa Kikwit, Kongo, madaktari waliandika habari za wajawazito 15 waliougua. Walifariki 14. Katika milipuko ya zamani, mama aliyenusurika Ebola karibu kila mara alimpoteza mtoto.

Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa Kenya mwaka 1931, wafugaji huijua kwa dalili moja: mbuzi na ng'ombe wote wenye mimba wanaziharibu kwa mpigo. Ilipokuja kwetu mwaka 2007, Dodoma na Morogoro, iliua zaidi ya watu 100, na nyama ikakosa wa kununua. Mtu huipata kwa mbu au kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Sisi tunaoosha nyama ya pilau ya harusi kwa mikono mitupu hatuna kinga. Mpaka leo mnyama ana chanjo yake, binadamu hana iliyoidhinishwa.

Virusi vya Zika vimepewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda, vilikogunduliwa mwaka 1947. Miaka karibu 70 baadaye, kule Brazil, ikajulikana kwamba vinadumaza ubongo wa mtoto tumboni. Navyo havina chanjo.

Anayesema anakilinda kizazi chako huku anakuzuia kinga ya magonjwa kama haya, anafunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Kingamwili ni nini, kwa lugha ya cherehani

Mwili ukiingiliwa na virusi, unashona. Unatengeneza vitu vidogo mno vinavyoitwa kingamwili, na kila kimoja kinakatwa kwa vipimo vya adui mmoja. Kikishamkaa sawasawa, kinamfunika na kumzuia asiingie ndani ya chembe za mwili. Taabu ni kwamba vipimo vinachukua siku nyingi, na Ebola au Marburg havikupi siku hizo.

Chanjo ni kuuletea mwili vipimo mapema, adui akiwa bado hajafika, ili nguo iwe tayari kabatini. Dawa ya kingamwili ni tofauti kidogo: ni nguo iliyoshonwa tayari kwingine, anavishwa mgonjwa ambaye hana tena muda wa kusubiri.

Na tusidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Kule Kikwit mwaka 1995, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, Wakongo, waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Walipona 7. Wakubwa wa dunia walisema wagonjwa ni wachache mno kuwa ushahidi, na kwa kanuni za utafiti ni kweli. Lakini Muyembe hakuiacha fikra yake. Miaka kumi na moja baadaye, damu ya mtu aliyenusurika Kikwit ilichukuliwa, na kwa kushirikiana na watafiti wa Marekani na Uswisi ikapatikana kingamwili iliyozaa dawa inayoitwa leo Ebanga.

Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zilishindanishwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, miji ambayo Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu mbili kati ya hizo, zote za kingamwili, zilikuwa zimeshazipita nyingine waziwazi. Kwa waliopata hizo mbili, vifo vilikuwa kama mtu 1 kati ya 3. Waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, karibu 9 kati ya 10 walipona. Ugonjwa ambao kwao ulikuwa hukumu ya kifo.

Mlango wa pili, uliofungwa kwa mihuri

Sasa tuje kwa wenye karatasi, maana tukiwalaumu masomo na mashoga peke yao tutakuwa tumedhulumu.

Kwenye jaribio lile la dawa, wajawazito waliruhusiwa, na hata watoto wachanga wa siku chache waliozaliwa na mama mgonjwa. Tunawapongeza kwa hilo. Lakini wakati uleule, katika miji ileile, chanjo ya Ebola ilikuwa inatolewa kwa watu wote waliomkaribia mgonjwa, na wajawazito na wanaonyonyesha walikuwa wanarudishwa. Mlipuko ulitangazwa Agosti 2018. Wajawazito na wanaonyonyesha walianza kuchanjwa Juni 2019.

Hebu tulitazame vizuri. Mwanamke wa Beni, mimba ya miezi mitano, amemuuguza mumewe na mume amefariki. Anakwenda mzima kuomba chanjo, anaambiwa hapana, una mimba. Wiki mbili baadaye anabebwa na homa, anaambiwa karibu, dawa ipo. Kwa mzima hakuna kinga, kwa mgonjwa kuna tiba. Hiyo ni busara gani?

Sababu yao tunaijua na si ya kipuuzi. Chanjo ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na waliogopa kumdhuru mtoto tumboni. Hofu hiyo ni halali pale ambapo hakuna hatari nyingine. Lakini pale ambapo ugonjwa unaua mama na mtoto karibu bila kubakiza, kusubiri mpaka uhakika ukamilike kunaitwa kumwachia mauti aamue. Na uhakika ungekamilikaje ikiwa kila jaribio linamfukuza mjamzito? Wanasema hawana taarifa zake, na hawana kwa sababu hawakumwuliza.

Jambo hili linawahusu bi harusi wetu moja kwa moja, na hapa ndipo milango miwili inapokutana. Majaribio makubwa ya chanjo za Uviko mwaka 2020 yaliwaacha nje wajawazito, na wanawake waliokuwemo hawakuulizwa habari za hedhi zao. Chanjo zilipotoka, wanawake dunia nzima wakaanza kusema siku zao zimebadilika. Wakaambiwa ni wasiwasi wao. Baadaye walipochunguzwa kweli, ikaonekana wanasema kweli: kwa wengi hedhi ilichelewa kama siku moja, kisha ikarudi kawaida. Jambo dogo, la kupita. Lau wangeulizwa mapema, tungeambiwa mapema. Kwa kuwa hawakuulizwa, pakabaki pengo, na uvumi ukalihamia pengo hilo na watoto wake na wajukuu. Kwa hiyo wataalamu wanaotushangaa kwa nini tunaamini uvumi, sehemu ya uvumi huo waliukaribisha wenyewe.

Na inawezekana kufanya vizuri. Rwanda iliwaingiza wajawazito takribani 2,000 katika jaribio la chanjo nyingine ya Ebola, kwa hiari yao, wakafuatiliwa wao na watoto wao. Hiyo ni Afrika Mashariki, si nchi ya mwezini.

Jina letu, chanjo yao

Wengine wanasema: wacha wajaribiane wao huko, sisi si panya wa maabara. Tunaielewa hasira hiyo. Lakini tuone kinachotokea wakijaribiana wao.

Chikungunya ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, maana viungo vinauma mpaka mtu anakunjika. Ugonjwa ulitambuliwa hapa Tanzania, uwanda wa Makonde, mwaka 1952. Mwaka 2004 uliingia Lamu, ukakamata takribani robo tatu ya watu wa kisiwa. Mwaka 2005 ukafika Ngazija. Kisha ukafika Réunion, ukampata karibu mtu 1 kati ya kila 3, na huko ndiko madaktari walipogundua kwamba mama mwenye homa hiyo siku ya kujifungua anaweza kumwambukiza mtoto. Karibu nusu ya watoto wa kina mama hao waliambukizwa. Huu ni ugonjwa wa visiwa, mashoga zetu. Ni wa kwetu.

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, miaka zaidi ya 70 baada ya Newala. Jaribio kuu lililoipa kibali lilifanywa kwa watu wazima zaidi ya 4,000 huko huko Marekani, wasiokuwa wajawazito, na kibali kiliwalenga hasa wasafiri. Mwaka 2025 ilipopelekwa Réunion wakati wa mlipuko, baadhi ya wazee walipata madhara makubwa, ikasitishwa kwao, na Agosti mwaka huo Marekani ikakisimamisha kibali. Tunalisema hili bila kulificha, kwa sababu hatutaki mtu atuone kama wachuuzi wa sindano. Chanjo inaweza kudhuru. Ndiyo maana inatakiwa ijaribiwe kwa watu watakaoitumia, mahali itakapotumika, na macho yawe wazi baadaye. Sisi tusipokuwemo, hatuepuki hatari. Tunaletewa nguo iliyopimwa mwili wa mtu mwingine, halafu tunashangaa inabana.

Na panya ni yule asiyeulizwa. Anayeelezwa kwa lugha yake, akauliza, akajibiwa, akaweza kusema hapana na kuondoka, huyo ni mshirika. Sisi watu wa Bagamoyo hatulisomi hili vitabuni. Taasisi ya Afya ya Ifakara ina kituo hapa, na watoto wa wilaya hii walishiriki majaribio ya chanjo zote mbili za malaria ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023. Malaria si virusi, lakini somo ni hilohilo. Kina mama wa hapa waliketi, wakasikiliza, wengine wakakataa, wengine wakakubali na watoto mapajani. Leo mtoto wa Malawi au wa Ghana anakingwa kwa sababu yao. Hakuna aliyewajengea mnara, ila sisi tunajua.

Utayari nao una faida yake. Uganda ilipopata Ebola aina ya Sudan mwaka 2022, chanjo za majaribio zilifika Desemba, mgonjwa wa mwisho ameshatoka hospitali. Ugonjwa uliporudi Januari 2025, uchanjaji wa majaribio ulianza siku nne tu baada ya kutangazwa. Rwanda nayo ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024, na tarehe 6 Oktoba wahudumu wa afya wakaanza kuchanjwa, huku wagonjwa wakipewa dawa pamoja na kingamwili. Katika wagonjwa 66 walifariki 15. Hatusemi ni sindano peke yake iliyowaokoa, maana walipata na uangalizi mzuri wa haraka. Tunasema karatasi zao zilikuwa tayari. Karatasi za wajawazito nazo ziandikwe kabla, ugonjwa ukiwa bado porini.

Na dini je?

Tumeambiwa tumtegemee Mwenyezi Mungu, na ni kweli. Lakini Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Alitufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake kuteremshwa, na kwamba penye tauni asiingie aliye nje wala asitoke aliye ndani. Sayyidna Umar, radhiyallahu anhu, aliposikia tauni iko Sham, aligeuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari, alijibu kwa maana kwamba anatoka kwenye qadari ya Mungu kwenda kwenye qadari ya Mungu. Je, kuna mwenye imani kumshinda Umar?

Anayekwenda Hijja anachanjwa homa ya uti wa mgongo, hapiti bila cheti. Mwaka 2021 na 2022 walitakiwa na ya Uviko. Hatujasikia mtu anarudi Makka akisema tawafu yake imeharibiwa na sindano.

Na kwa wanaoona chanjo ni kitu cha kigeni: kabla Ulaya haijaijua, kina mama wazee wa Istanbul, mji mkuu wa Waislamu wakati huo, walikuwa wakiwachanja watoto dhidi ya ndui. Bibi mmoja Mwingereza, Lady Mary Wortley Montagu, aliyaona hayo huko mwaka 1717, akamchanja mwanawe na kuipeleka habari kwao. Neno letu lenyewe linatoka kwenye kuchanja, chale ndogo mkononi. Kazi hii imepita mikononi mwa wanawake tangu zamani. Tunaichukua iliyo yetu.

Tunachotaka

Bi harusi, kabla ya kuja kupimwa gauni, nenda kituo cha afya ukaulize ni kinga zipi unazihitaji kabla ya kubeba mimba. Ukiwa na shaka, mpe shaka yako mkunga au daktari, usiipe simu.

Masomo na makungwi wetu, mnaaminiwa kuliko redio. Mnalolisema ndani ya chumba cha mwari halifutiki. Kama hamna hakika na jambo, semeni "kaulize."

Waume na mama wakwe, sindano ya mke isiwe kikao cha ukoo. Mwili ni wake, na akiugua ndiye atakayelala kitandani.

Watafiti wa Bagamoyo, wa Kilifi, wa Entebbe, wa Kinshasa na wafadhili wenu: mwanzo wa kila mpango wa chanjo au kingamwili, andikeni lini na vipi mjamzito na anayenyonyesha wataingia. Kama mnawaacha nje, semeni kwa nini na mpaka lini. Tuulizeni habari za hedhi, mimba na maziwa. Tuelezeni kwa Kiswahili cha nyumbani, si cha mihuri. Tukidhurika, mjulikane mlipo na muwajibike. Na dawa ikipatikana kwa damu ya watu wetu, isifungiwe ghala la ng'ambo wakati sisi tunazika.

Na sisi mafundi tumeshakubaliana. Bi harusi atakayesema tena neno lile mbele ya kioo, tutatoa pini kwanza, tumjibu, ndipo tumpime.

Ya Rabbi, wape mabinti zetu ndoa zenye heri, vizazi vyenye afya, na akili ya kuulizia mahali panapostahili. Warehemu waliotangulia Kagera na Kongo, na wauguzi waliofia kazini. Amin.